Maji Maangavu Chini ya Mlima Meru

Katika vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, na katika baadhi ya mitaa ya mji wa Arusha, huonekana vijana wenye siha njema wachekao huku wamefunika vinywa kwa viganja, kwa kuwa meno yao yana mabaka ya kahawia ambayo hapana mswaki uwezao kuyaondoa. Huo si uchafu, wala si taksiri ya mama aliyewalea. Ni athari ya floridi iliyokuwamo katika maji waliyokunywa utotoni, maji maangavu, yasiyo harufu, ambayo mgeni akiyatazama bilaurini angeyasifu.

Asili yake ni mawe ya volkano. Mawe ya Meru yana sodiamu nyingi na kalisi haba, na kalisi ndiyo ambayo, ikikutana na floridi, huishika zikagandamana na kutuama. Ikikosekana, floridi husalia imeyeyuka, ikateremka na chemchemi hata ikafika ndooni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, walakini viwango vya muda vya Tanzania vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8, maana kuyakataza maji hayo kungaliwaacha watu wengi bila ya tone la kunywa.

Jino hudhurika lingali ndani ya ufizi, tangu mtoto azaliwe hata apate miaka minane hivi. Floridi ikizidi sana na miaka ikiwa mingi, mifupa nayo huharibika: viungo hukakamaa, mgongo hukataa kuinama, na watoto wengine hupata matege.

Lihuzunishalo zaidi ni kwamba nasaha tuliyoizoea, ya kuchemsha maji, ambayo imeokoa nafsi nyingi kutokana na kipindupindu na homa ya matumbo, nami siipingi hata kidogo, hapa haifui dafu. Moto huua vijidudu, ilhali floridi haina uhai wa kuuawa; mvuke ukipaa, yenyewe husalia sufuriani katika maji yaliyopungua. Fauka ya hayo, magadi yatiwayo katika maharage na makande ili yaive upesi na kuni zisalimike aghalabu huwa yamebeba floridi pia, na kwa sababu hiyo mabaka yameonekana hata penye maji yasiyo na kosa.

Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, wataalamu wamejifunza kuyasafisha maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huivuta floridi ikajishika juu ya chembe zake. Kazi hii yataka moto wa kadiri: mfupa usioungua sawasawa huyapa maji harufu ya kuchukiza, na ulioungua kupita kiasi, ukawa mweupe kama chokaa, hupoteza nguvu. Hata mkaa mwema huchoka, na kuchoka kwake hakujulikani kwa jicho wala kwa ulimi, ila kwa kipimo; basi kumpa mtu chujio bila ya kumrudia kupima ni kumpa nusu ya dawa.

Nyumba yenye paa la bati inayo njia nyingine, kwani maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa. Pipa likiwa dogo, yatengwe kwanza ya kunywa na kupikia watoto walio chini ya miaka minane. Ya kufulia na kuoshea vyombo yaendelee kutoka kisimani.