Je, Wajua? Fidia ya kwanza ya kompyuta ilidaiwa kwa posta

Programu hasidi ya kwanza inayojulikana kudai fidia haikupitia intaneti, ilikuja ndani ya bahasha. Desemba 1989, disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta zikidaiwa kuwa na taarifa za UKIMWI. Mtu alitia disketi kwenye kompyuta, akajibu maswali mawili matatu, akaisahau. Kumbe programu imejificha, inahesabu kila mashine inapowashwa. Ilipofika mara 90 hivi, majina ya mafaili yalivurugwa na ujumbe ukatokea: tuma dola 189 kwenye sanduku la posta nchini Panama!

Aliyeshtakiwa, Joseph Popp, alikuwa mwanabiolojia Mmarekani aliyewahi kutafiti nyani Afrika Mashariki. Mahakama ya Uingereza iliona kuwa hali ya akili yake haimruhusu kukabili kesi.

Hila hiyo ilikuwa dhaifu, na wataalamu waliifungua bila kulipa hata senti. Zilizofuata si za mchezo. Mei 2017, programu ya fidia iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150 kwa siku chache, bila mtu kubofya chochote, ikakwamisha hospitali za Uingereza. La kuudhi ni kwamba Microsoft ilishatoa sasisho la kuziba tundu la usalama ililopitia tangu Machi.

Basi usiahirishe masasisho, usisakinishe faili la APK (la programu za simu za Android) ulilorushiwa WhatsApp, na weka nakala za mafaili yako kwenye diski ya nje. Ukimaliza kunakili, ichomoe. Ikiachwa imechomekwa, nayo inaweza kufungwa na programu hasidi pamoja na kompyuta.