Kimathi, Antigone na deni la kaburi

Mgeni akifika Nyeri akaulizia kaburi mashuhuri, ataelekezwa kwenye makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Hapo amelazwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 1941. Jiwe lake limechongwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti popote alipo huisoma bila kuambiwa: nimekwenda nyumbani. Mkewe, Olave, alipofariki mwaka 1977 huko Uingereza, majivu yake yaliletwa yakazikwa pamoja naye. Jim Corbett, yule mwindaji wa chui wala watu wa India, naye yuko hapo hapo. Wageni hawa walitaka kulala wakiutazama Mlima Kenya, na wamelala.

Dedan Kimathi alizaliwa Tetu, mwendo mfupi tu kutoka hapo, akasoma Tumutumu karibu na Karatina, akaongoza vita vya Mau Mau dhidi ya wakoloni msituni Nyandarua. Ana barabara mjini Nyeri, ana chuo kikuu, na tangu Februari 2007 ana sanamu Nairobi. Kaburi hana.

Sophocles wa Athene aliliandikia jambo hili tamthilia ya Antigone zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi iliyotoka mwaka 1971. Antigone ni binti wa mfalme huyo. Ndugu zake wawili wameuana vitani, mmoja akiulinda mji wa Thebe, mwingine akiushambulia na jeshi la kigeni. Mjomba wao Creon, mtawala mpya, anaamuru mlinzi wa mji azikwe kwa heshima na mwasi aachiwe mbwa na ndege. Atakayemgusa atakufa. Antigone anatoka, anamfukia nduguye kwa vumbi la mikono yake, anakamatwa, na hakani.

Hoja yake ndiyo inayonifanya nirudi kwenye kitabu hicho kila ninapopita Nyeri. Antigone hamtetei nduguye kwamba alikuwa na haki ya kuuvamia mji. Anasema kwamba maiti ina haki zake kwa walio hai, na haki hizo hazingoji kwanza hukumu juu ya maisha ya marehemu. Sisi tumekuwa tukifanya kinyume. Tumebishana miaka na miaka kama Kimathi alikuwa shujaa, gaidi au mtu katili kwa wenzake, kana kwamba mshindi wa ubishi huo ndiye atakayepewa funguo za makaburi ya Kamiti, gereza aliponyongewa.

Tutazame yaliyotokea. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, miaka minne na siku moja tangu hali ya hatari itangazwe, Kimathi alikuwa akivuka ukingo wa msitu, mahali serikali ilipowalazimisha wanavijiji kuchimba handaki refu ili kuwatenga na wapiganaji. Askari wa kikabila, Ndirangu Mau, alimpiga risasi pajani. Aliyemkamata alikuwa Mgikuyu mwenzake. Novemba hiyo hiyo alishtakiwa hapa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, aliyesaidiwa na wazee wa baraza watatu ambao kwa sheria ya siku hizo maoni yao hayakumfunga jaji. Kosa lililompeleka kitanzini lilikuwa kupatikana na bastola. Chini ya kanuni za hali ya hatari, bunduki peke yake ilitosha. Mwanahistoria David Anderson amehesabu watu 1,090 walionyongwa katika vita vile.

Micere Githae Mugo na Ngũgĩ wa Thiong'o walipoandika tamthilia yao juu ya kesi hiyo, iliyochezwa katika Jumba la Kitaifa la Sanaa Oktoba 1976, walimpa Kimathi msimamo wa chuma: anaikataa mahakama yenyewe na kila kishawishi anacholetewa selini. Kimathi wa faili ni mwingine. Kumbukumbu za kesi, zilizodhaniwa zimepotea na kuchapishwa mwaka 2017 chini ya uhariri wa Julie MacArthur, zinamwonyesha akijitetea. Alisema alikuwa akienda kujisalimisha. Mahakama ikasikia habari za maradhi yake ya kifafa. Micere na Ngũgĩ waliliandikia dibaji toleo hilo, na nawaheshimu kwa hilo, maana wasanii wachache hukubali kusimama kando ya mtu halisi baada ya kuwa wameshamchonga wa kwao.

Kwangu mimi, huyo wa faili anagusa zaidi. Aristotle alisema mhusika wa tanzia asiwe malaika wala mwovu kabisa. Awe mtu kati ya hao wawili, aangushwe na kosa. Mtu mwenye njaa, aliyetoka msituni akiwa na jeraha, anayetafuta maneno ya kumwokoa mbele ya jaji, hapungui hadhi hata chembe. Tarehe 17 Februari 1957, siku moja kabla ya kunyongwa, alimwandikia Padri Marino wa misheni ya Wakatoliki Nyeri, na miongoni mwa aliyomwomba ni mwanawe asomeshwe. Asubuhi yake akanyongwa, akafukiwa ndani ya gereza.

Kuna jambo ambalo lazima lisemwe hapa, hata kama linaharibu ulinganisho. Zamani Wagikuyu wengi hawakuzikwa. Kaburi lilikuwa la mzee mwenye mali na watoto. Wengine walilazwa vichakani na fisi akamaliza kazi. Kugusa maiti kulileta thahu, unajisi uliohitaji kutakaswa ili usiwaandame watu wa boma na mifugo yao. Mgiriki wa kale angeielewa thahu mara moja, kwa sababu ndiyo inayoleta tauni Thebe katika hadithi ya Edipode. Lakini hofu ya Antigone kwamba nduguye ataliwa na wanyama, bibi wa Tetu wa mwaka 1890 huenda isingemtoa usingizini. Kaburi limekuja kuwa na uzito wake kwetu baadaye, pamoja na misheni, amri za serikali na hatimiliki za mashamba. Tena ni wakoloni hao hao waliotufundisha kuzika, kisha wakamnyima Kimathi.

Katikati ya mji wa Nyeri upo mnara wa kuwakumbuka Wagikuyu waliokufa kati ya 1951 na 1957. Maandishi yake hayamtengi homugadi, mlinzi wa upande wa serikali, na mpiganaji wa msituni. Wengine huukasirikia. Mimi naona waliouandika walijua kwamba katika vijiji vingi vya Tetu, Othaya na Mathira wana wa mama mmoja walikuwa pande zote mbili, na mama huyo alilia kotekote.

Mukami Kimathi naye alikuwa kizuizini Kamiti mumewe alipoletwa huko, na alisimulia kwamba waliruhusiwa kuonana usiku wa mwisho. Tangu uhuru aliwaomba marais wote, mmoja baada ya mwingine, wampe mifupa aizike. Nelson Mandela, ambaye akiwa mfungwa Robben Island aliwahi kuigiza nafasi ya Creon, alifika Nairobi Julai 1990 na kumtaja Kimathi hadharani kati ya waliomtia moyo yeye na wenzake wakiwa vitani. Marufuku dhidi ya Mau Mau ilikuwa bado iko kwenye vitabu vya sheria. Iliondolewa mwaka 2003. Oktoba 2019 wakfu wa familia ulitangaza kwamba kaburi limetambuliwa, na serikali ikakanusha. Mukami alifariki tarehe 4 Mei 2023, akazikwa Njabini, Nyandarua, rais akiwa miongoni mwa waombolezaji.

Katika tamthilia, mpiga ramli kipofu Teiresias anamtisha Creon hadi anabadili nia na kwenda kumzika Polyneices, yule ndugu mwasi, kwa mikono yake. Anachelewa kumwokoa Antigone, lakini maiti angalau inazikwa. Serikali yetu haijafika hata hapo. Watoto wa Kimathi wapo, na vinasaba vyao vinaweza kulinganishwa na mifupa itakayofukuliwa Kamiti. Kinachohitajika ni amri ya kufukua, mpasuaji wa serikali, na daftari za gereza za Februari 1957 zifunguliwe mbele ya familia.