Ukoga wasingiziwa, mdudu akata mikorosho

MKULIMA wa korosho katika mashamba ya Malindi na Kilifi akiona tawi limekauka juu ya shina lililotanda ukoga laini wa kijani, ni rahisi adhani ukoga ndio muuaji. La hasha. Huo ni mmea mdogo usio na mizizi ya kweli. Hujishikiza tu kwenye gome, ukapata maji ya mvua na umande na kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, sawa na mkorosho wenyewe. Kiangazi kikizidi hunyauka ukaonekana umekufa, kisha manyunyu yakaufufua. Kuukwangua kwa panga ni kulijeruhi gome bure.

Mhalifu ni mbawakawa ambaye wataalamu humwita Paranaleptes reticulata. Ana urefu wa sentimita 3 hivi, vipapasio virefu kuliko mwili, na mabawa magumu ya rangi ya chungwa yenye mabaka meusi. Hakuja na mkorosho, ambao Wareno waliuleta kutoka Brazil. Ni mdudu wa Afrika, na mibuyu pia huishambulia.

Kati ya Juni na Septemba hutafuna tawi kulizunguka, akaacha mkato kama pete na kijiti chembamba katikati. Tawi lenye unene wa sentimita 3 hadi 8 hufa, na upepo wa kusi hulivunja. Kwa kuwa korosho huzaa kwenye ncha za matawi, mavuno yake nayo yamekwenda. Taabu yote hiyo ni kwa ajili ya watoto: jike hutaga mayai kwenye gome juu ya mkato, na mabuu hula mti uliokufa.

Kwa hiyo tawi lililoanguka halijamaliza madhara. Likiachwa chini ya mti, au likifikishwa mitaa kama Kisumu Ndogo kuwa kuni na kurundikwa uani miezi kadhaa, buu hukua humo na kutoka akiwa mbawakawa kamili. Likipikiwa mapema, chakula kimeiva na mdudu ameteketea.

Dawa ya kunyunyizia haimfikii kwa urahisi buu aliye ndani ya mti. Lakini mdudu huyu ana kizazi kimoja tu kwa mwaka, hivyo kuokota na kuchoma matawi mara moja kila mwaka, pamoja na yale yanayoning'inia, hupunguza sana idadi yake. Mibuyu iliyo mpakani mwa shamba nayo ikaguliwe, kwani mbawakawa huruka.