Kansa ya kongosho: vifo vinakaribia kulingana na wagonjwa wapya

Mwaka 2022, watu karibu 510 000 duniani walitambuliwa kuwa na kansa ya kongosho, na karibu 467 000 walikufa nayo. Mwaka 2018 vifo vilikuwa karibu 432 000. Hesabu hizo ni za CIRC, tawi la OMS linalochunguza kansa. Kati ya kansa zinazoua zaidi, hii imetoka nafasi ya saba hadi ya sita.

Kongosho imejificha nyuma ya mfuko wa chakula. Mtu anakonda, mgongo unauma, macho yanageuka manjano. Wengine wanadhani ni vidonda vya tumbo tu. Wanapofika kwa waganga, upasuaji unafaa kwa mgonjwa mmoja hivi kati ya watano. Sigara, unene na kisukari vinaongeza hatari. Hata Marekani, penye mashine zote, wanaopita miaka mitano ni 13 kwa 100.