Gia Ilibadilishwa Angani, Abiria Hawakuambiwa

Siku Edward Lowassa alipokabidhiwa kadi ya CHADEMA, 28 Julai 2015, vijiwe vya Mwanjelwa jijini Mbeya na vya Mashine Tatu mjini Iringa viligawanyika. Wapo walioshangilia kwa sababu waliona Ikulu imesogea. Wapo walionyamaza. Walioshangilia wameandikwa sana, maana mikutano yao ilijaa hadi ikaitwa mafuriko. Walionyamaza hawakuandikwa, na wengi wao walikwenda kupiga kura vilevile. Nataka kuwaandika hao, kwa sababu naamini siasa za upinzani katika Nyanda za Juu Kusini hazijawahi kuwalipa deni lao.

Kunyamaza kwao kulikuwa na historia. Tarehe 15 Septemba 2007, pale Mwembe Yanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa, Katibu Mkuu wa CHADEMA, alisoma majina ya vigogo aliowatuhumu kwa ufisadi. Lowassa, wakati huo Waziri Mkuu, alikuwa mmoja wao. Miezi mitano haikuisha, sakata la mkataba wa umeme wa Richmond likafika bungeni, na tarehe 7 Februari 2008 Lowassa akatangaza kujiuzulu. Kamati teule iliyochunguza Richmond iliongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, mtoto wa mkoa wa Mbeya. Kwa hiyo kwa watu wa huku hiyo haikuwa habari ya Dodoma tu. Ilikuwa kazi iliyofanywa na mtu wao, hata kama alikuwa CCM, na CHADEMA waliipokea na kuitembeza kata kwa kata. Kijana aliyekuwa darasa la sita mwaka 2007 alifika umri wa kupiga kura akiwa amesikia jina la Lowassa likitajwa majukwaani kama mfano wa kile ambacho nchi inapaswa kukiondoa.

Na waliosikia walilipa gharama ya kusikia. Mwaka 2010 Mbeya Mjini ilimpeleka bungeni Joseph Mbilinyi, Sugu, msanii ambaye wengi waliomchagua walikuwa wa rika la nyimbo zake. Iringa Mjini ikamwangusha Monica Mbega wa CCM na kumchagua Mchungaji Peter Msigwa. Novemba 2011 machinga wa Mwanjelwa walipopambana na polisi, mabomu ya machozi yakirindima na barabara kuu ya kwenda Tunduma ikifungwa kwa mawe na matairi, aliyeweza kusimama mbele ya vijana wale na kuwaambia watulie wakatulia alikuwa mbunge wao. Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo, wilaya ya Mufindi, polisi walitawanya watu waliokuwa kwenye ufunguzi wa tawi la CHADEMA, na mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, akauawa kwa bomu akiwa kazini. Askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2016. Mwangosi hakufa kwa ajili ya chama, alikufa akifanya kazi yake ya habari. Lakini tangu siku ile kufungua tawi katika kijiji cha Mufindi kulikuwa ni jambo la mtu kufikiria watoto wake kwanza.

Ukitaka kuelewa kilichovunjika baadaye, litazame tawi lenyewe. Mlingoti wa mwanzi uliochongwa na vijana wenyewe, bendera iliyopauka kwa jua na mvua, benchi la mbao mbele ya banda la kunyoa, daftari la ada za wanachama. Gwanda la kaki la katibu lilishonwa kwa fundi wa mtaani, likalipwa kwa awamu. Hakuna ruzuku iliyofika pale. Mkutano ukiitishwa, mafuta ya pikipiki ya kupeleka taarifa kata ya jirani yalichangwa. CCM mwaka 2011 walipotangaza kujivua gamba, na jina la Lowassa likatajwa miongoni mwa magamba yenyewe, wenye magwanda walicheka: walijua wao ni nani na yule ni nani.

Halafu likaja suala la Katiba. Aprili 2014 wajumbe wa upinzani walitoka katika Bunge Maalumu la Katiba wakilalamikia kuachwa kwa rasimu ya Jaji Joseph Warioba, na kutoka humo UKAWA ikapata nguvu: CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD. Muungano ule ulikuwa na hoja ambayo mtu wa Uyole, Mbeya, au wa Kihesa, Iringa, angeweza kuieleza kwa mke wake kwa sentensi moja: tunataka katiba iliyotokana na maoni yetu. Kuachiana majimbo kuliuma, maana kila jimbo lilikuwa na mtu aliyelifanyia kazi miaka mitano kisha akaambiwa apishe. Lakini hilo lilieleweka. Watu wa huku si wagumu wa kuelewa mapatano.

Lililofuata halikuelezwa. Mwaka 2015 Lowassa alipokatwa na CCM Dodoma katika mbio za urais, vikao vya juu vya CHADEMA vilimpokea, na tarehe 4 Agosti mkutano mkuu uliidhinisha jina moja lililoletwa mezani. Mgombea mwenza, Juma Duni Haji, alitoka CUF akahamia CHADEMA ili sheria ya mgombea na mwenza wake kuwa wa chama kimoja itimie. Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Dk. Slaa, mtu aliyesoma orodha ya Mwembe Yanga, akatangaza tarehe 1 Septemba kwamba anaachana na siasa za vyama. Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA, aliuita uamuzi wao kubadili gia angani, na wafuasi wakalipenda neno hilo. Mimi tangu nilipolisikia lilinitia hofu, kwa sababu katika chombo cha angani abiria hana mahali pa kushukia.

Nisiwadhulumu viongozi wale. Hoja yao ilikuwa na uzito: Lowassa hakuwahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote, CCM ilikuwa haijawahi kupasuka kiasi kile, na bila kura za waliotoka CCM Ikulu isingefikika. Matokeo hayakuwaumbua pia. Mwaka 2010 Dk. Slaa alipata kura zaidi ya milioni 2.2. Mwaka 2015 Lowassa, akibebwa na muungano mzima, alipata zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40. Majimbo ya CHADEMA yaliongezeka kutoka 23 hadi 34. Mbeya Mjini, Sugu alivuka kura 100,000 na kumwacha mbali Sambwee Shitambala wa CCM, ambaye naye zamani alikuwa CHADEMA. Msigwa akarudi bungeni. Tunduma, Momba na Mbozi, wakati huo mkoa wa Songwe ukiwa haujamegwa kutoka Mbeya, zote zikaenda CHADEMA.

Hapo ndipo kosa lilipojificha. Viongozi walizisoma kura zile kama ridhaa. Walipoona Mbeya imewapa zaidi kuliko mwanzo, wakahesabu kwamba jambo la Lowassa limekubalika na limekwisha. Lakini mtu anaweza kukupigia kura huku moyo wake ukiwa na swali, kwa sababu hana pengine pa kwenda na hataki mbunge wake aanguke. Katibu wa tawi aliyekuwa amezunguka miaka minane akimwita mtu fisadi aliamka asubuhi akitakiwa kuzunguka akimwita rais mtarajiwa. Hakuna aliyeshuka kutoka makao makuu kukaa naye kwenye lile benchi na kumwambia ama tulikosea wakati ule, ama tunamjua alivyo ila tunamhitaji, na haya ndiyo masharti tuliyompa. Majibu yote mawili yangevumilika. Aliachiwa ayatunge mwenyewe, na majirani wa CCM wakimsubiri na maswali.

Bili ilikuja baadaye. Kuanzia mwaka 2017 madiwani na wabunge wa upinzani walianza kuhama mmoja mmoja, kila mmoja akisema anaunga mkono juhudi za Rais Magufuli. Novemba mwaka huo Dk. Slaa mwenyewe aliteuliwa kuwa balozi. Februari 2018 Sugu alihukumiwa kifungo cha miezi mitano pamoja na katibu wa kanda wa CHADEMA, Emmanuel Masonga, kwa maneno ya jukwaani. Tarehe 1 Machi 2019, Lowassa alirudi CCM na kupokelewa kwenye ofisi ndogo ya chama, Lumumba. Mwaka 2020 David Silinde wa Momba alihamia CCM akagombea Tunduma na kushinda, na Iringa meya wa CHADEMA, Alex Kimbe, aliondolewa na baraza la madiwani. Jaribu kuwa yule katibu wa tawi. Unamlaani vipi diwani aliyehama, wakati chama chako kilikufundisha kwamba kuhama ni hesabu tu, na kwamba jana ya mtu haiulizwi akija na faida?

Ndiyo maana hata mazungumzo yaliyokuwa na haki ya kusikilizwa yalikuja kukataliwa. Machi 2022 Mbowe alitolewa gerezani na siku hiyohiyo akakutana na Rais Samia Suluhu Hassan Ikulu. Maridhiano yaliyofuata yalileta jambo la kushikika: Januari 2023 zuio la mikutano ya hadhara liliondolewa, na viwanja vya Ruandanzovwe, Mbeya, na Mwembetogwa, Iringa, vikaweza tena kusikia vipaza sauti. Hata hivyo vijiweni lilitawala neno moja: asali. Viongozi wamelamba asali. Sidhani kwamba shutuma hiyo ilikuwa ya haki kwa mtu aliyetoka kukaa miezi saba mahabusu. Lakini imani iliyotumika mwaka 2015 bila risiti haikuwepo tena kumkopesha. Juni 2024 Msigwa, baada ya kushindwa na Sugu kwa kura chache katika uenyekiti wa Kanda ya Nyasa ya CHADEMA, alihamia CCM, na Iringa ikabaki na picha za miaka kumi za mtu aliyewafundisha kuikataa CCM. Januari 2025 wajumbe wa CHADEMA wakamchagua Tundu Lissu kuwa mwenyekiti kwa kura 513 dhidi ya 482 za Mbowe. Wengi wanalieleza tukio lile kwa tabia za watu wawili. Mimi naona humo pia hasira ya mwaka 2015, iliyochelewa miaka kumi kufika.

Zanzibar ilijaribu njia nyingine. Kabla CUF haijaingia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni ya 31 Julai 2010, na asilimia 66 wakakubali. Serikali ile ilipovunjika baada ya uchaguzi wa 2015 kufutwa, wafuasi wa Maalim Seif, kiongozi wa CUF, waliumia sana, lakini hawakusema kwamba aliwauza, maana waliingia naye kwa kura zao. Kenya, Julai 2024, viongozi wa chama cha upinzani cha ODM kama John Mbadi na Hassan Joho waliteuliwa kuingia baraza la mawaziri la Rais William Ruto vijana wakiwa bado wanazika wenzao waliouawa kwenye maandamano, na swali la nani aliyeulizwa halijaisha Kisumu wala Mombasa.

Uingereza swali hilo lilijibiwa kwa kura. Liberal Democrats waliahidi kutopandisha ada za vyuo, wakaingia serikalini na Conservative mwaka 2010, na kikomo cha ada kikapanda hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Mwaka 2015 wapiga kura waliwashusha kutoka viti 57 hadi 8. Ilikuwa adhabu kali, lakini kila mtu alijua imetoka wapi na kwa nini, na chama kikajua kimefanya nini.

Mpiga kura wa Mbeya na Iringa hakupata nafasi hiyo. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 CHADEMA ilijitoa baada ya wagombea wake wengi kuenguliwa. Uchaguzi mkuu wa 2020 iliyakataa matokeo yake. Machi 2025 Dk. Slaa alirudi CHADEMA kwenye mkutano wa hadhara hapahapa Mbeya, mwezi uliofuata Lissu akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi mkuu, karatasi ya kura haikuwa na CHADEMA kabisa. Aliyetaka kukiadhibu chama chake kwa gia ya 2015 hakuwa na pa kuweka alama, na aliyetaka kukisamehe vilevile.