Watu 641 kwa kila kundi, asibaki mtu

Aliyelala Ngombezi usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, awe mwenyeji wa kwenye mashamba ya mkonge au mgeni aliyefika Korogwe kusalimia ndugu, alihesabiwa hapo hapo Ngombezi. Ndivyo sensa ilivyotaka: unahesabiwa ulipolala. Bara wakapatikana watu 59,851,347, Zanzibar 1,889,773, na Oktoba 31 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza jumla yao mjini Dodoma: 61,741,120.

Tangu hapo namba hiyo imetajwa kwenye hotuba na bajeti zisizo na idadi, lakini wachache wameitazama yenyewe, kama namba.

Tuanze na kazi ya shule ya msingi, vigawo tasa. Igawe kwa 2. Itakubali mara sita, kisha itagoma. Inakubali 5 mara moja, 7 mara moja, 43 mara moja, na mwisho inabaki 641, namba tasa. Maana yake Watanzania wote wa usiku ule wangeweza kupangwa makundi 96,320 ya watu 641, asibaki mtu. Wapange watatu watatu, mmoja anakosa wenzake. Vigawo vyake vyote, tasa na visivyo tasa, ni 112.

Hiyo 641 ina jina kubwa. Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kuwa 4,294,967,297, yaani 2 thelathini na mbili zilizozidishwa pamoja kisha ukaongeza 1, ni namba tasa. Mwaka 1732, Fermat akiwa kaburini zamani, Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417.

Sasa tuseme karani angemkuta Ngombezi mtoto mmoja zaidi. Jumla ingekuwa 61,741,121, na 2, 5, 7, 43 na 641 zote zingeondoka kwa mpigo, kwa sababu namba mbili zinazofuatana hazichangii kigawo chochote zaidi ya 1. Badala yake ingeingia 13: 13 × 4,749,317. Kwa mpanga bajeti mtoto huyo hasogezi kitu. Kwa hisabati, amebadili kila kitu.

Halafu kuna tarakimu nne za mwanzo, 6174. Ni sadfa tupu, wapiga ramli wasijisumbue, ila ni sadfa tamu. Mwaka 1949 D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko India, alieleza mchezo wake: chukua tarakimu nne zisizofanana zote, zipange kutoka kubwa hadi ndogo, toa mpangilio wake wa kinyume, rudia. Mwaka wenyewe wa sensa unatii: 2220 − 0222 = 1998; 9981 − 1899 = 8082; 8820 − 0288 = 8532; 8532 − 2358 = 6174. Ukishafika hapo hutoki: 7641 − 1467 ni 6174 ile ile.

Jaribu na mwaka wako wa kuzaliwa. Usiache sifuri ya mbele, na hutavuka hatua saba.