Dhahabu iliyo ndani ya kipimo cha mimba, na jinsi inavyosaka saratani

Ule mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha mimba mara nyingi si wino. Ni dhahabu halisi, ila iko katika chembe ndogo mno: panga kama elfu mbili kwa mstari ndipo upate unene wa unywele mmoja.

Mbona basi si ya njano kama pete ya ndoa? Chembe ikiwa ndogo hivyo, mwanga ukiipiga, elektroni zake hutikisika kwa pamoja na kumeza rangi ya kijani, na kinachotufikia machoni ni wekundu. Michael Faraday alieleza habari za dhahabu nyekundu ya namna hiyo jijini London mwaka 1857. Chembe hizo zikigandana, rangi hugeuka zambarau au buluu.

Katika kipimo, chembe huvishwa kingamwili, yaani protini inayong'ang'ania kitu kimoja tu. Kwa mimba, kitu hicho ni homoni ya hCG. Badilisha kingamwili, na dhahabu ileile itasaka viashiria vya saratani: PSA ya tezi dume, AFP ya ini, CA-125 ya ovari. Kiashiria kikinaswa, rangi husogea, pengine kidogo tu kiasi cha kuonwa na mashine ya kupima mwanga wala si jicho. Mwaka 2003 kundi la Chad Mirkin wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, lilitumia chembe za dhahabu kunasa PSA iliyokuwa kidogo kuliko ile ambayo vipimo vya kawaida vya wakati ule vingeweza kuiona.

Maabara ni kitu kimoja, damu ya mtu ni kingine. Imejaa protini nyingine zinazojibandika kwenye dhahabu na kuvuruga majibu. Tena kiashiria si saratani yenyewe: PSA ya baba hupanda pia kwa tezi iliyotanuka tu, au kwa maambukizi, na daktari huenda akahitaji kuchukua kinyama akipime. Anayekuuzia kijiti kimoja eti kinaonyesha saratani zote, mpite.

Ila hCG yenyewe ni kiashiria, jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Baadhi ya saratani za korodani huitoa. Na mama aliyesafishwa mimba zabibu hupimwa homoni hiyo tena na tena kwa miezi kadhaa, hata akijisikia mzima kabisa, kwa sababu mabaki yake yanaweza kugeuka saratani, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri. Kijiti cha nyumbani hakitoshi hapo: chenyewe husema ndiyo au hapana, ilhali daktari anataka kujua kiasi, na kama kinashuka. Muda wote huo mama na mwenzake hushauriwa kutumia uzazi wa mpango, maana mimba mpya ingepandisha homoni ileile, na daktari asingejua anasoma nini.